Euclid na Sakafu Zetu

Mwenye kuingia katika nyumba iliyotandikwa vigae vipya, iwe ya mtu binafsi au ya umma, aghalabu macho yake huvutwa na katikati ya ukumbi, ambako vigae vimelala safu kwa safu vikimeremeta. Sisi tunamwomba ageuze macho atazame ukutani. Huko ndiko inakojulikana kazi ya fundi, na kazi ya yule aliyempa fundi vipimo. Iwapo upande mmoja una kigae kizima na upande wa pili una kipande chembamba kama utepe, basi na ajue kuwa kigae kilinunuliwa kabla ya sakafu kupimwa. Na akizunguka nyuma ya nyumba hiyo, ataikuta chungu ya vipande vilivyokatwa, ambavyo vililipiwa bei ya duka, nauli ya chombo na ujira wa mchukuzi, na sasa havina kazi ila kukata miguu ya watoto.

Kwa sisi wakaazi wa visiwa jambo hili si dogo. Kinachotufikia kwa bahari hutufikia kwa gharama, na kinachotupwa baada ya kufika kimelipiwa mara mbili. Ndiyo maana leo tumeona yafaa tuwasimulie wasomaji wetu, na hasa wale waliokabidhiwa mali ya umma, maisha ya mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, ambaye aliacha katika maandishi jawabu la swali hili: sakafu ya mstatili ikishapimwa urefu wake na upana wake, ni kigae gani cha mraba kilicho kikubwa kuliko vyote kinachoweza kuijaza sakafu hiyo pasipo kukatwa hata kimoja? Mtu huyo ni Euclid wa Alexandria, ambaye wanazuoni wa Kiarabu walimwita Uqlidis.

Euclid aliishi na kufundisha karibu na mwaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Mji wa Alexandria, ambao Waarabu huuita Iskandaria, ulikuwa bado mchanga. Ulianzishwa mwaka 331 katika pwani ya Misri na Alexander wa Makedonia, na alipofariki mfalme huyo mwaka 323, majemadari wake waligawana milki yake. Misri ikamwangukia Ptolemy, aliyejitangaza mfalme na kuanzisha ukoo uliotawala nchi hiyo kwa takriban miaka 300. Mbele ya mji kilikuwako kisiwa cha Pharos, na ukajengwa ukuta wa njia baharini kukiunga kisiwa hicho na bara. Juu yake ukasimama mnara wa taa uliosifiwa na mabaharia wa dunia ile. Ndani ya mji wafalme hao walijenga nyumba ya elimu na maktaba, wakawaita wataalamu kutoka kila upande wa bahari ya Mediteranea, wakawapa posho na makaazi ili wasome, wafundishe na waandike. Katika mji huo wa bandari, wenye watu wa lugha nyingi na mizigo ya kila namna, ndipo Euclid alipofungua mafunzo yake.

Juu ya nasaba yake, historia imetuhifadhia kidogo mno. Waandishi wa Kiarabu wa zama za kati walimtaja kuwa mwana wa Naukrates na mtu wa asili ya mji wa Sur, lakini wataalamu wa leo hawaitegemei habari hiyo. Waandishi wa Ulaya nao walimchanganya kwa miaka mingi na Euclid mwengine, mwanafalsafa wa Megara, aliyeishi miaka mia moja kabla yake. Lililo thabiti ni kwamba alikuja baada ya wanafunzi wa Plato na kabla ya Archimedes wa Syracuse, na kwamba aliandika vitabu kadhaa, juu ya jiometri, juu ya nuru na kuona kwa macho, na juu ya mwendo wa nyota.

Kitabu chake kikubwa Wayunani walikiita Stoicheia, yaani Misingi, na Waarabu wakakiita Usuli. Kina sehemu 13 na ndani yake mna hoja 465, kila moja imethibitishwa kwa zile zilizoitangulia. Kinaanza kwa kueleza nukta ni nini na mstari ni nini, kinaweka mambo machache ambayo msomaji anaombwa ayakubali, kisha kinapanda daraja kwa daraja mpaka kufikia maumbo matano yaliyo kamili pande zote. Si kweli kwamba Euclid ndiye aliyegundua yote yaliyomo. Eudoxus na Theaetetus walimtangulia, na sehemu kubwa ya kazi yao imo katika kitabu hicho. Fahari ya Euclid ni kuyapanga maarifa yaliyokuwa yametawanyika, kuyajazia mapengo, na kuhakikisha kwamba hapana neno linalosimama bila ya nguzo chini yake.

Jawabu la kigae chetu limo mwanzoni mwa sehemu ya saba, inayohusu namba. Euclid mwenyewe hakutaja sakafu wala kigae. Alichora mistari, akauliza ni kipimo gani kikubwa kinachoipima mistari miwili kikamilifu. Wazee wetu hapa pwani wangalimwelewa mara moja. Waliposema kuwa shibiri mbili ni mkono, mikono miwili ni wari, na wari mbili ni pima, walikuwa wakinena juu ya kipimo kidogo kinachoingia katika kikubwa bila ya kubakisha kitu. Watoto wetu skulini hukiita kipimo cha namna hiyo kigawo kikubwa cha shirika.

Tuchukue mfano. Ukumbi una urefu wa sentimita 924 na upana wa sentimita 660. Njia ya Euclid inatutaka tukitoe kidogo katika kikubwa, tutazame kilichobaki, kisha tukitoe kilichobaki hicho katika kile kidogo, na kuendelea hivyo hivyo. Upana wa 660 unaingia katika urefu wa 924 mara moja, zinabaki 264. Hizo 264 zinaingia katika 660 mara mbili, zinabaki 132. Hizo 132 zinaingia katika 264 mara mbili kamili, wala halibaki kitu. Hapo ndipo tunaposimama. Kigae kikubwa kabisa cha mraba kinachoijaza sakafu hiyo ni cha sentimita 132 kila upande. Vitalala saba kwa urefu na vitano kwa upana, vyote 35.

Mwenye kutaka kuliona jambo hili kwa macho na achore sakafu hiyo juu ya karatasi. Aweke mraba mkubwa wa 660 kwa 660. Utabaki ukanda wenye upana wa 264. Katika ukanda huo ataingiza miraba miwili ya 264, na kitabaki kipande cha 264 kwa 132. Kipande hicho kinajazwa na miraba miwili ya 132, na sakafu imekwisha.

Lakini Euclid hakuridhika kutupa kanuni tuifuate kama kasuku. Alitaka tujue kwa nini ni kweli. Kigae chochote kinachoenea sawasawa katika urefu na katika upana hapana budi kienee pia katika ile tafauti yao, kwa kuwa kinachopima kizima na kinachopima sehemu yake kitaipima na sehemu iliyobaki. Kadhalika, kigae kinachoenea katika upana na katika baki kitaenea katika urefu wote. Kwa hiyo kila tunapotoa, sakafu inapungua, lakini vigae vinavyoifaa ni vile vile, havikuongezeka wala havikupungua. Tunaendelea kuipunguza sakafu mpaka ile ya mwisho iwe rahisi hata mtoto aione jawabu yake, na jawabu ya sakafu hiyo ndogo ndiyo jawabu ya ukumbi wetu.

Fundi atatwambia kuwa hapana duka linalouza vigae vya sentimita 132, na atakuwa amesema kweli. Lakini faida ya namba hiyo haikuishia hapo. Kila kigae kidogo kinachoijaza sakafu bila ya kukatwa lazima kiwe kinaingia katika 132 kikamilifu. Basi vigae vya 66, vya 44 na vya 33 vinafaa. Vya 33 vitakuwa 28 kwa urefu na 20 kwa upana, jumla 560. Lakini anayenunua vya sentimita 30, kwa kuwa ndivyo alivyovizoea, ataona vinaenea upande wa upana kwa hesabu ya 22, na upande wa urefu vitaingia 30, kisha ibaki nafasi ya sentimita 24. Hapo fundi atalazimika kukata kigae katika kila safu ya safu zote 22, na kutupa ukanda wa sentimita sita kila anapokata. Hasara hiyo haikuletwa na mkono wa fundi. Ililetwa na aliyeandika hati ya kununua kabla ya kushika kamba ya kupimia.

Tunajua pia kwamba fundi huacha nafasi ya saruji baina ya kigae na kigae, na kwamba kuta zetu haziko sawa daima. La kwanza dawa yake ni kuihesabu nafasi hiyo pamoja na kigae. La pili dawa yake ni kuhakikisha kuwa pande zinazoelekeana ni sawa, kisha kupima kutoka pembe hadi pembe kwa njia zote mbili. Vipimo viwili hivyo vikilingana, sakafu ni mstatili wa kweli. Mambo yote mawili ni ya dakika chache, na yote yanafanywa kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Kuna jambo jingine katika kitabu hicho ambalo tunapenda lisipite bila ya kutajwa. Kabla ya Euclid, Wayunani walikuwa wamegundua kuwa upande wa mraba na mstari unaokwenda kutoka pembe moja mpaka pembe inayoikabili havina kipimo cha shirika hata kiwe kidogo namna gani. Sakafu ambayo upana wake ni upande wa mraba na urefu wake ni ulalo wa mraba huo huo haitajazwa kamili na kigae chochote cha mraba duniani. Katika sehemu ya kumi Euclid anaeleza kuwa alama ya jambo hilo ni hii: utatoa, na utatoa, na daima kitabaki kitu. Fundi wetu apimaye kwa sentimita kamili hatafikwa na balaa hiyo, kwa kuwa sentimita zinazopungua kila mara mwisho wake hufika. Lakini sisi tunaliona hilo kuwa fundisho la uaminifu. Mtaalamu huyo hakuyaficha maswali yasiyokuwa na jawabu. Aliyaandikia sehemu iliyo ndefu kuliko zote katika kitabu chake.

Juu ya tabia yake zimepokewa habari tatu, zote kutoka kwa waandishi waliokuja karne nyingi baada yake, nasi tunazisimulia kwa hadhari hiyo. Pappus, aliyeishi Alexandria katika karne ya nne baada ya Nabii Isa, alimsifu kwa upole na kwa kuwapa haki yao wote walioisogeza mbele elimu ya hesabu, hata kwa hatua ndogo, wala hakuwa mtu wa kujigamba. Proclus, katika karne ya tano, alisimulia kuwa Mfalme Ptolemy alichoshwa na urefu wa kitabu, akauliza kama hapana njia fupi ya kuijua jiometri, na Euclid akamjibu kuwa katika elimu hiyo wafalme hawakutengenezewa barabara yao peke yao. Na mwandishi Stobaeus alisimulia juu ya mwanafunzi aliyejifunza hoja ya kwanza, kisha akauliza atapata nini kwa kujua hayo. Euclid akamwita mtumishi wake, akamwamuru ampe kijana huyo sarafu ndogo, maadamu ni lazima apate faida kwa kila anachojifunza.

Hadithi ya mfalme haihitaji maelezo marefu. Cheo kinaweza kumfungulia mtu milango mingi, lakini hakiwezi kuifanya 924 igawike kwa 30. Mkubwa wa ofisi na mwanafunzi wa darasa la sita wakikaa mbele ya hesabu moja, watapita njia moja, na atakayeruka hatua ataanguka, hata akiwa na muhuri mkononi.

Ama hadithi ya sarafu, hapo tunaomba ruhusa ya kumpinga kidogo mwalimu huyo mkubwa. Sisi hatumlaumu mwanafunzi yule. Mzazi anayeuza samaki ili amnunulie mtoto madaftari ana haki ya kuuliza skuli itamlipa nini, na mwalimu mwema humjibu kwa heshima. Kosa la kijana lilikuwa kuuliza siku ya kwanza, kama mtu anayefukua mnazi kila asubuhi atazame kama mizizi imeshika. Lau Euclid angaliishi miaka elfu mbili, angalimjibu kwa ushahidi.

Maana kitabu hicho kilikwenda safari ndefu. Huko huko Alexandria, katika karne ya pili baada ya Nabii Isa, alifanya kazi Claudius Ptolemy, asiyekuwa wa ukoo wa wafalme wale, akaitumia jiometri kuchora dunia. Na katika jiografia yake alizitaja Rhapta na kisiwa cha Menouthias katika pwani hii yetu ya Afrika ya Mashariki. Kule Baghdad, zama za Khalifa Harun al-Rashid, al-Hajjaj ibn Yusuf ibn Matar alikifasiri kitabu cha Euclid kwa Kiarabu, na baadaye Ishaq ibn Hunayn akakifasiri upya, na Thabit ibn Qurra akakisahihisha. Mwaka 1248 Nasir al-Din al-Tusi alikitolea toleo lake mashuhuri. Kutoka Kiarabu kiliingia Kilatini katika karne ya 12 kwa mkono wa Adelard wa Bath. Mwaka 1482 kilipigwa chapa Venice, na mwaka 1607 sehemu zake sita za mwanzo zilitoka kwa Kichina kwa kazi ya Xu Guangqi na Matteo Ricci. Ni haki pia kusema kwamba Wachina walikuwa na njia yao ya kutoa na kutoa tena kwa ajili ya kurahisisha sehemu, na kwamba Aryabhata wa Bara Hindi, mwaka 499, aliandika njia iliyo jamaa yake. Elimu hii haikuwa ya taifa moja.

Mwaka 1844 Mfaransa Gabriel Lamé alithibitisha kuwa hatua za njia ya Euclid kamwe hazizidi mara tano ya tarakimu za namba iliyo ndogo. Ukumbi wetu una upana wa tarakimu tatu, basi hatua zisingezidi 15. Sisi tulihitaji tatu tu. Na mwaka 1977, Rivest, Shamir na Adleman walipobuni namna ya kufunga siri kwa namba kubwa, kazi ya kutengeneza funguo za siri hizo ilitegemea njia ile ile. Hivyo mashine zinazolinda fedha na barua za watu zinafanya kwa namba zenye mamia ya tarakimu yale yale tuliyoyafanya juu ya sakafu. Hiyo ndiyo sarafu ya mwanafunzi yule. Ilichelewa kufika, lakini ilifika.

Kutokana na maisha ya mtu huyu, maoni yetu ni haya. Kwanza, hati yoyote ya kununua vigae kwa fedha za umma iandikwe juu yake urefu na upana wa kila chumba, na hesabu iliyofanywa, ili mkaguzi aione. Wahenga walituusia kuwa mali bila ya daftari hupotea bila ya habari, na vipande vilivyotupwa nyuma ya nyumba ni habari ya mali iliyopotea. Pili, walimu wetu wasiwafundishe watoto kigawo kikubwa cha shirika kama wimbo wa kukariri. Wawape karatasi, wawape kamba, wawapeleke ukumbini wakapime, kisha wawaulize kwa nini. Mtoto aliyeijua sababu hatatishwa na namba kubwa, wala hatadanganywa na mwenye duka. Tatu, mafundi waitwe kabla ya manunuzi, si baada yake. Wazee wetu waliojenga kwa mawe na boriti walijua kuwa urefu wa boriti ndio unaotoa upana wa chumba. Walikianza chumba kwa kukijua kitu kitakachokifunika. Sisi tumepata vifaa vingi kuliko wao, lakini utaratibu huo wao hatuna sababu ya kuuacha.

Euclid hakuacha kasri, wala mnara wa taa ulioanguka hauna jina lake. Aliacha mistari michache mtu aweza kuisoma kwa saa moja, na kila anayeisoma kwa subira hutoka na jawabu lile lile alilolipata yeye. Wafalme wa zama zake wamekwisha na milki yao imekwisha. Atakayeandika hati ya manunuzi kesho asubuhi bado anaweza kuitumia kazi yake, bure, iwapo tu atainama kwanza akaipima sakafu.